Wimbo wa Watu Wawili

Kila Jumatano baada ya shule, Ratni alifagia ukumbi wa kitongoji, akafunua vyombo vya muziki vya shaba, kisha akaketi kando ya Suasti. Wawili hao walipiga wimbo mmoja: Ratni aligonga sauti zake, Suasti akajaza katikati. Ndivyo gamelani, muziki wa vyombo vya shaba vya kugonga, inavyopigwa, na kila nyumba ya kitongoji ilitoa mtoto mmoja wa kupiga.

Lakini mikono ya Suasti ilikuwa mizito. Mashindano yalipokaribia, Ratni alichoka kuvumilia.

"Mwalimu, huyu atatuaibisha. Mwondoe tu!"

Mwalimu Rundah, aliyewafundisha kupiga, alikuna kichwa, akakubali. Alileta msichana hodari kutoka kijiji kingine. Suasti aliweka kinyundo chake chini, akaondoka bila kumtazama mtu.

Walishinda. Kikombe kikawekwa ukumbini, na yule hodari akarudi kwao.

Zilibaki siku nane kabla ya sikukuu ya hekalu, ambako wangepiga tena. Ratni alipopiga, wimbo ulitoka nusu, una mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Akajaribu kuharakisha ajaze na sehemu ya Suasti, wapi! Wenzake wote walikuwa na vyombo vyao. Kila alipokitazama kile kikombe, roho ilimuuma.

Akaenda kwa kina Suasti. Alimkuta akisuka vikapu vya sadaka.

"Suasti, rudi, tafadhali."

"Nirudi niwaaibishe? Mama amelia, Ratni. Nyumba yetu haina mtu ukumbini."

"Nilikosea. Siwezi kupiga bila wewe."

"Basi kapige na kikombe chako."

Ratni alirudi nyumbani akilia njia nzima. Kesho yake alikwenda kumwomba tena, akaambulia patupu. Siku ya tatu alikwenda na Mwalimu Rundah, ambaye aliketi sakafuni mbele ya mama yake Suasti, akaomba radhi.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye mtu mzima."

Suasti alirudi, ila hakutabasamu. Kila alasiri walifika mapema, wakarudia polepole mpaka vidole vikauma. Siku ya sikukuu walipiga kwa mwendo wa Suasti. Alikosea mara mbili, na Ratni akamngojea.

"Kupiga vizuri ni lazima," Mwalimu aliwaambia baadaye. "Ndiyo maana anayechelewa hufundishwa zaidi, hafukuzwi. Mimi niliacha kufundisha, nikakimbilia kushinda."

Suasti alifunika chombo chake.

"Jumatano nitakuja," alimwambia Ratni. "Lakini sijasahau."

"Najua," Ratni alisema, akamsaidia kukunja kitambaa.