Mume na Mke Mbele ya Kamati

Jumapili ile mchana, nyumbani kwa akina Pruitt kulikuwa shwari. Garland aligeuza nyama kwenye jiko la moshi nyuma ya nyumba, mkewe LaDonna alikata viazi vya saladi, na binti yao Maribeth, wa miaka kumi na mmoja, alipiga ngoma ya bendi ya shule bila kumhurumia mtu.

Maribeth alizaliwa na akili inayokwenda taratibu. Alifika darasa la pili hajatamka neno linaloeleweka. Aliyemfundisha kusema ni Bi Ybarra, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu katika shule ya umma ya mji wetu huu wa pamba. Mwalimu mkuu wa shule hiyo ni LaDonna mwenyewe. Garland aliongoza sekondari, ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Siku hizo bunge la jimbo lilikuwa na muswada wa vocha: mzazi apewe fedha za kodi amlipie mtoto wake ada ya shule binafsi. Wa miji yenye shule tele watajisemea wenyewe. Kwetu, kila mtoto anayehama huondoka na fungu lake la fedha, na wakihama wachache tu, mwalimu anaachishwa kazi. LaDonna alijua nani angeanza kuachishwa. Darasa la Bi Ybarra lilikuwa dogo, na gharama yake kubwa.

Walimu wakuu wote wa kaunti walikubaliana kupinga. Mbunge wetu, Dub Haskins, aliwaambia wazi, "Mkisimama wote nitapiga kura ya hapana, hata chama kinichukie. Akigeuka mmoja wenu, msije kunilaumu."

"Tutakwenda pamoja kwenye kamati ya bunge," Garland akamwambia mkewe. "Naendesha mimi. Ukiendesha wewe, tutafika muswada umeshakuwa sheria."

"Afadhali kuchelewa kuliko kufa, baba Maribeth."

Wakaenda. Kutwa nzima walikaa ukumbini wakila sandwichi moja kwa zamu, wakingoja kuitwa. LaDonna akaitwa kwanza. Alieleza habari za darasa la Bi Ybarra, akaeleza habari za mtoto wake, akapinga, akarudi kukaa. Garland akambana mkono.

Kisha mwenyekiti akasoma, "Garland Pruitt, mwalimu mkuu. Anaunga mkono."

LaDonna alidhani mwenyekiti amekosea. Hata alinyanyua mkono amsahihishe.

Garland hakusahihisha kitu. Alikwenda kwenye kipaza sauti akasema wazazi wanastahili kuchagua, na kwamba walimu wakuu wanaopinga wanalinda vyeo vyao.

"Samahani, mwalimu," mjumbe mmoja akauliza, "huyo aliyetoka hapo sasa hivi si mkeo?"

"Ndiye."

"Basi leo utapika mwenyewe."

Ukumbi ukacheka. Garland naye akacheka. Wazazi wenzangu, LaDonna angeweza kuvumilia ile hotuba. Kicheko kile ndicho kilichomkata.

Na gari la kurudi nyumbani lilikuwa moja. Wakashika njia katikati ya mashamba ya pamba.

"Tangu lini?" LaDonna akauliza.

"Tangu Krismasi. Kanisa linafungua akademia, shule yake binafsi. Wamenipa niiongoze."

"Ulinisikiliza nikijiandaa jikoni. Ukanirekebishia maneno."

"Yalikuwa maneno mazuri, mke wangu."

"Usiniite hivyo. Na Maribeth?"

"Maribeth atakuja kwangu. Mimi ndiye nitakuwa mwalimu mkuu, nani atamzuia? Unadhani ningemtupa mwanangu?"

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na hapo ndipo palipokuwa na ujinga wake. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha katika shule za umma. Hakuwahi kuona mtoto akikataliwa mlangoni. Hakujua kwamba shule inaweza kumkataa mtoto.

Haskins alipiga kura ya ndiyo. LaDonna alipomwendea, akajibu, "Nyumba yenu imegawanyika, mama. Mimi nishike upande gani?" Muswada ukapita. Akademia ikafunguliwa, ikachukua watoto wenye alama nzuri na wenye mbio uwanjani, na mafungu yao yakawafuata. Bodi ya shule za umma ikamwachisha kazi Bi Ybarra. Alipata kazi mji wa mbali, akahama na familia yake.

Garland akapeleka jina la Maribeth kwa wakuu wa akademia. Mkuu wa baraza linaloisimamia akademia alimjibu kwa upole mwingi.

"Tunampenda sana, mwalimu. Lakini hatuna mtu wa kumfundisha mtoto wa namna hiyo. Na sheria haitulazimishi. Wewe mwenyewe uliitetea."

"Ni binti yangu."

"Ndiyo maana inatuuma."

Siku ya kufungua shule, LaDonna alikuwa mlangoni akipokea wanafunzi kama kawaida yake. Garland, amevaa fulana mpya ya akademia, akaja amemshika Maribeth mkono.

"Wamemkataa," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimesikia."

"Mpigie simu Bi Ybarra. Mwambie arudi. Nitamlipa hata mimi."

"Ameshapanga nyumba huko. Watoto wake wameshaanza shule. Arudi kwa ajili ya nani, Garland? Yako?"

Maribeth alikuwa akitazama ndani, kwenye ukumbi. "Bi Ybarra?" akauliza. Lilikuwa mojawapo ya maneno aliyoyatamka vizuri kuliko yote.

LaDonna akamshika mkono. "Twende, mama. Shule hii haimkatai mtu." Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe nenda kazini. Utachelewa."

Akafunga mlango. Hakuwa na mwalimu wa kumpa mtoto wake, na alilijua hilo kabla hajafika mwisho wa ukumbi.

FUNZO

Wazazi, mtu akiwaletea shule nzuri, msiulize kwanza itamchukua nani. Ulizeni itamkataa nani, na huyo aliyekataliwa atakwenda wapi. Mkijibiwa kwa tabasamu, ulizeni tena.

Na wewe unayeuza kilicho cha wote ili upate kiti, usijidanganye kwamba wako watabaki salama kwa kuwa wewe ndiye umekikalia. Kiti umepewa. Mlango wanao wengine.