Kamera Isiyolia

Bibi harusi alipotokeza mlangoni, ukumbi mzima ulisimama, viti vikakwaruza sakafu, na wapiga picha wawili wakakimbilia nafasi moja. Mwanamume akaitwaa kwa bega. Kamera yake ilikuwa kubwa, lenzi yake ndefu kama kopo la rangi, na begi la lenzi nyingine lilimvuta upande mmoja akawa anatembea kama mtu aliyebeba ndoo. Mjini walimwita Mzinga.

Mwanamke aliyesukumwa alivaa suruali nyeusi na shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe. Kamera yake ilienea kiganjani.

"Dada, samahani," Mzinga akasema kwa sauti iliyofika hadi meza ya wakwe. "Hiyo ni kamera, au umeondoka na sabuni ya watu bafuni?"

Meza tatu zikaangua kicheko. Shangazi mmoja akajifuta machozi.

"Na wewe kaka," mwanamke akajibu bila kugeuza uso, "umeitwa kupiga picha au kubomoa ukuta?"

Kicheko kikahama upande. Mzinga mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, na alipomaliza akajikuta hamtazami tena bibi harusi. Moyo hauna adabu, jamani. Unaweza kumpenda hata aliyeutandika mbele za watu.

Namba ya simu aliipata kwa mshereheshaji.

"Halo? Hapo ni duka la sabuni?"

"Tumefunga. Nani mwenzangu?"

"Mbomoa ukuta."

"Na leo unabomoa wa nani?"

"Wako. Nimeambiwa mgumu."

Mwanamke akacheka, akakata simu, kisha akakaa akiitazama hadi ilipolia tena. Kuanzia siku hiyo Mzinga akamwita Kiberiti, kwa sababu ya ule udogo wa kamera, na mwenyewe akalizoea jina kama mtu anavyozoea pete.

Kiberiti alikuwa na chumba cha kazi juu ya duka la dawa. Dirisha moja, pazia jeupe, stuli ya kukalia wateja. Mzinga alikuja pale jioni na bega lake linalouma, naye akalikanda huku akimsimanga.

"Umri wako huu, bega la babu! Kwa ajili ya nini?"

"Watu wanataka kuona kazi, kipenzi. Nikitoa huu mzinga, hata baba wa bibi harusi ananyoosha tai. Ukitoa hicho kidude chako wanauliza mpiga picha atafika saa ngapi."

"Hebu kishike."

Akakishika. Akakigeuza kama anayekagua yai.

"Ndani ya kamera yako kuna kioo," Kiberiti akamweleza. "Kila ukipiga, kioo kinaruka kupisha mwanga, kinarudi. Ile *kacha!* unayojivunia ni kelele zake. Yangu haina kioo. Ndiyo maana nyepesi. Lenzi nabadilisha kama wewe, picha ni zile zile, na nikiiweka kimya, ni kimya kweli. Napiga mazishini, napiga vichanga vimelala, hakuna anayeshtuka."

"Haina kioo? Sasa unajipodolea wapi?"

"Machoni kwako. Piga, acha maneno."

Mzinga akaelekeza, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu.

"Imegoma."

"Imeshapiga, mpenzi. Tangu mara ya kwanza."

Akamwonyesha. Alikuwa ni yeye Kiberiti, mwanga wa dirisha umemlalia shavuni, mdomo umeanza kucheka. Mzinga aliitazama picha ile muda mrefu. Hakuwahi kupiga iliyo nzuri kama hiyo, na alijua. Lakini kesho yake, mbele ya wenzake, aliiita tena kamera ya mwanasesere, na Kiberiti akacheka nao. Alidhani ni utani.

Kisha Mzinga akampeleka kwa mama yake.

Mama alikuwa fundi cherehani hadi presha ya macho ilipommalizia nuru yote. Siku hiyo alivaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe enzi za macho, na kilemba cha hariri alichokifunga kwa vidole bila kukosea hata mkunjo. Alitaka picha moja nzuri ya kubaki sebuleni akiondoka duniani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkono wako laini. Wewe hupigi picha na lile jiwe la huyu?"

"Natumia ndogo, mama."

"Haya, nipige. Mwanangu ananipiga kila sikukuu. Nikisikia *kacha* najua nipumue."

Kiberiti akainua kamera. Ilikuwa kimya kama kawaida yake. Hata haikumpitia akilini kuwasha sauti. Mama akaketi wima, akavuta tabasamu, akalishikilia. Kiberiti akapiga akiwa amesimama, akapiga akiwa amechuchumaa. Tabasamu likaanza kutetemeka pembeni.

"Tayari, mama. Asante."

"Tayari nini?"

"Nimeshapiga."

"Umepiga nini? Sijasikia kitu. Nimekaa hapa meno nje kama punda, nasubiri."

"Yangu haina sauti, mama. Imepiga, nakuapia."

Mama akamgeukia mwanawe, pale alipojua amesimama. "Wewe ndiye fundi. Kuna kamera inapiga bila kulia?"

Kiberiti akamtazama Mzinga, akitabasamu. Jibu lilikuwa jepesi mno. Na Mzinga akamtazama mama yake, aliyekuwa ameanza kunung'unika kwamba mwanamke huyu atamnyang'anya mtoto, akaona uso ule ukingoja ateue upande. Akachagua maneno.

"Mimi sijawahi kuisikia, mama."

Ni kweli. Nani aliwahi kuisikia?

"Basi ndiyo hayo," mama akasema taratibu. "Mwanamke kaingia nyumbani kwangu, kaona sioni, kanielekezea usoni ile sabuni uliyonisimulia, nichekee ukuta. Mtoe."

Mzinga akamtoa. Mlangoni akamnong'oneza, "Nitakupigia."

Alipiga. Kiberiti hakupokea. Akapiga kesho, na keshokutwa, hadi simu ikapokewa.

"Ulijua ilipiga?"

"Nilijua, kipenzi."

"Ukanyamaza."

"Mama mgonjwa..."

"Mzima kuliko wewe."

Akakata. Akalia juu ya stuli ya wateja, kisha akanawa uso, maana kulikuwa na mtu chini anataka picha ya pasipoti.

Mzinga akaja mwenyewe, shati jipya, kiatu kinang'aa, na pete. Akapiga goti pale pale kati ya taa na pazia.

"Nataka kukuoa. Siwezi kulala, siwezi kula. Nioe mimi basi kama hutaki kuolewa."

Kiberiti akacheka bila kutaka, na huzuni yake ikalegea. Alimpenda sana, ndilo tatizo lenyewe.

"Ila kwanza," Mzinga akaendelea akiwa bado gotini, "umwombe mama radhi. Mwambie ulikuwa utani. Bila hivyo hapokei mkwe."

"Nikiri nilimdhihaki kipofu?"

"Neno moja tu! Mimi mwenyewe sikusema uongo. Nilisema sijawahi kuisikia. Kwani wewe umewahi?" Akatabasamu, akingoja acheke tena.

Kiberiti akachukua kamera yake. "Twende."

Mzinga akadhani ameshinda. Njia nzima alimshika mkono.

Mama alikuwa kwenye kiti kile kile. "Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kuomba mikono yako, mama."

Akamwekea kamera mikononi, akakielekeza kidole chake kwenye kitufe. Safari hii alikuwa amewasha sauti. *Kacha*, nyembamba, kama mkasi mdogo. Mama akashtuka. Kiberiti akaizima.

"Bonyeza tena, mama."

Kimya.

"Hapo nayo imepiga?"

"Imepiga. Umepiga mlango."

Mama akabonyeza tena, na tena, kichwa kimeinama, akisikiliza pasipo na kitu. Kisha akainua uso.

"Mwanangu. Ulijua?"

Mzinga, anayechekesha kumbi nzima, alifungua mdomo. Friji ilikuwa ikinguruma jikoni. Akaufunga.

"Nimesikia," mama akasema.

Akairudisha kamera kwa mwenyewe. "Nimeshona nguo za watu maisha yangu yote. Sikujua kikulacho kimo kwenye yangu." Halafu sauti ikamgeukia Kiberiti, kali zaidi. "Na wewe usingoje nikushukuru. Huyu ndiye ananichagulia nguo, ananisomea dawa. Jana nilimwamini. Leo akiniambia gauni ni safi, itabidi nilinuse. Ungesema neno moja la uongo, tungelala salama sote."

"Neno lenyewe lingegharimu jina langu, mama."

"Najua. Hata mimi nisingelisema."

Akainuka. Mzinga akakimbilia kumshika. Mkono wake ukapigwa kofi. "Si wewe. Yeye."

Kiberiti akamwongoza hadi chumbani, akamketisha kitandani, akamvua kilemba.

"Ile picha," mama akauliza chini chini, "nimetoka ninacheka?"

"Umetoka unasubiri, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama aliyepimiwa nguo ikamkaa. Akamvuta karibu hadi mdomo ukagusa sikio.

"Usiolewe na huyu. Mimi sina pa kwenda. Wewe unapo."

Sebuleni Mzinga alikuwa amesimama, pete ndani ya ngumi, uso kama wa mtoto anayesubiri kuitwa.

"Amesema nini?"

Kiberiti akainama akavaa viatu vyake taratibu, kimoja, kingine. Alipoinuka machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, lakini sauti ilikuwa nzima.

"Amesema nikuage vizuri," akasema. Huo ndio uongo pekee aliowahi kumwambia.