Swali Lililoandikwa kwa Tafadhali

Simu ndiyo iliyotangulia kushuka ngazi.

Jumamosi ile lifti ya jengo la biashara ilikuwa imegoma tena, na ngazi zilijaa watu: wanaopanda, wanaoshuka, na wale wanaosimama katikati kusalimiana kana kwamba wako sebuleni kwao. Sindano alikuwa anashuka na sare za shule ishirini na nne mikononi, simu ameibana kwapani. Mtu akampiga kikumbo. Sare akazidaka. Simu ikaenda zake, tak, tak, tak, ngazi hadi ngazi, ikaishia kwenye kiatu cha fundi simu aliyeweka meza yake chini kabisa.

Fundi akaiokota, akaipuliza.

"Dada, simu yako imekuja kunishika miguu. Nimeiitikia marahaba."

"Ungeiuliza kwanza kama inapumua," Sindano akajibu, akihema. Alivaa gauni la maua ya njano alilolishona mwenyewe, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Akaichukua simu, akabonyeza. Giza. Akaisogeza karibu na mdomo. "Washa, tafadhali."

Fundi alicheka hadi bisibisi ikamdondoka kutoka nyuma ya sikio. "Unaiomba?"

"Heshima haiozi, kaka."

Kioo kilibadilishwa kabla ya saa sita. Lakini simu ilipowaka ilidai namba ya siri ya akaunti, na Sindano akabaki kukodoa macho. "Niliiweka zamani hizo. Imeshanitoka."

"Hakuna mteja anayeikumbuka. Basi nakufungulia kwa akaunti yangu ya kazini, siku ukipata nafasi tutengeneze yako."

"Fanya uwezavyo, fundi mwenzangu. Sare zinangojwa."

Siku hiyo ya nafasi haikupatikana, kwa sababu walipata mambo mengine ya kuzungumza.

Kwanza fundi alipiga kuuliza kama kioo kinashika. Kesho yake akapiga kuuliza kama chaji inakaa. Siku ya tatu Sindano akamwahi.

"Leo unauliza nini? Simu ni nzima."

"Leo namuulizia mwenye simu."

"Mwenye simu ana mtoto wa miaka mitano, ana ulimi mkali, na Jumapili anafua."

"Basi nitakuja kuanika."

Akaja kweli. Akaanika hadi soksi, kila moja na mwenzake. Na mwezi ukafuata mwezi.

Jina la Sindano alipewa na mafundi cherehani wenzake wa ghorofa ya tatu kwa ajili ya ulimi huo. Binti yake wakamwita Kifungo. Baba yake Kifungo hakuwa na jina tena mdomoni mwa mtu. Sindano aliishi naye miaka mitatu, akamjua vizuri siku mteja mmoja mpole alipokuja kupimwa gauni, akamwonyesha picha ya harusi yake ili aige mshono. Bwana harusi alikuwa ni yuleyule. Gauni la mteja Sindano alilishona, tena kwa uzuri. Kisha akahama na cherehani yake na mtoto wake.

Kwa hiyo fundi alipoanza kumletea Kifungo hadithi na mizaha, Sindano alifurahi kwa nusu ya moyo. Nusu nyingine iliogopa. Siku moja akiwa peke yake kwenye cherehani aliiuliza simu swali ambalo hakuthubutu kumuuliza binadamu: *mwanaume anaweza kumpenda mtoto asiye wake tafadhali*. Akasoma majibu mawili, akafunga, akaendelea na kola.

Wiki ileile fundi akaomba afundishwe kusuka nywele.

"Wewe?" Sindano akashangaa.

"Mimi. Mikono iliyozoea skuruu ndogo itashindwa na nywele?"

Ilishindwa. "Anko, umenisuka kiota," Kifungo alilalamika mbele ya kioo. Lakini Jumapili iliyofuata alimpelekea kichwa tena, na iliyofuata, na iliyofuata.

Ndipo ikaja Jumapili moja, mwezi wa tano tangu wajuane. Mchana, dirisha wazi, kitana kitandani. Fundi alishuka kununua vibana vya nywele, akamwachia Kifungo simu yake aangalie video ya msuko. Kidole cha mtoto kikagusa pasipotakiwa, video ikapotea.

"Mama, nirudishie."

Sindano akafungua historia, pale simu inapotunza kila kilichotafutwa mtandaoni. Hakuwa anachunguza. Alikuwa anatafuta nywele. Akakuta haya, yote ya siku hiyohiyo:

*dalili za mimba ya wiki sita*

*majina mazuri ya mtoto wa kiume*

*dawa ya kukoroma*

*namna ya kumwacha mchumba bila ugomvi*

Fundi aliporudi na pakiti ya vibana, alimkuta Sindano amesimama wima, simu mkononi, mtoto ameshapelekwa kwa jirani.

"Nani mjamzito?"

"Mjamzito? Wapi?"

"Sijauliza wapi. Nimeuliza nani."

Fundi akatazama kioo cha simu. Uso ukambadilika, na Sindano akaona kubadilika huko. "Sindano, hizo si zangu. Ni za... za wateja."

"Wateja wanaingia kwenye simu iliyo mfukoni mwako? Kwa mlango gani?"

"Nitakueleza, mpenzi, ila kuna kitu kimoja..."

"Kipi?"

Akafumba mdomo. Angeeleza vizuri, angelazimika kusema na jingine alilokuwa amelisoma, na hilo lilimtia aibu kuliko yote.

"Unaona? Neno limekukwama. Nenda kwa mwenye mimba yako."

Vibana vya nywele vilibaki juu ya meza.

Jioni dada yake Sindano, habari zimeshamfikia, akapiga simu. "Mdogo wangu, si nilikwambia? Mwanaume wa simu ana laini mbili mfukoni, unadhani moyoni ana ngapi?"

"Dada, niache."

"Nikuache? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe umekwenda kuulalia!"

Jumatatu fundi alipiga mara saba. Jumanne mara tisa. Sindano hakupokea. Kifungo alienda shule na msuko wa Jumapili nyingine, uliokwisha kulegea, akikataa katakata usifumuliwe.

Jumatano asubuhi, kwenye cherehani yake ghorofa ya tatu, Sindano alihitaji mfano wa kola aliouona wiki iliyopita. Akafungua historia kwenye simu yake mwenyewe. Juu kabisa, dakika ishirini zilizopita, paliandikwa: *dawa ya kukoroma imegoma nifanyeje*.

Akausoma tena. Yeye hakoromi. Kwake hakuna wa kukoroma. Akashusha kidole: mimba ya wiki sita, majina ya kiume, mchumba wa kuachwa, yote yamo, kwenye simu yake. Hapo akakumbuka ngazi, kioo kipya, na "nakufungulia kwa akaunti yangu ya kazini". Kumbe wateja wote waliosahau namba za siri walikuwa wamefunguliwa mlango mmoja, na anachouliza mmoja wote wanakiona!

Akaanza kucheka. Kicheko kikakatika katikati. Kama maswali yao yanamfikia yeye, basi na lake...

Akashuka miezi miwili nyuma. Swali lake lilikuwepo, na tafadhali yake mwishoni. Na juu yake, saa moja tu baadaye, kidole kingine kilikuwa kimeandika:

*jinsi ya kusuka nywele za mtoto wa miaka mitano*

*msuko rahisi kwa mwenye mikono mikubwa*

*kusuka bila mtoto kulia*

Sindano akajipangusa macho kwa sare ya mtoto wa watu. Kisha, akiwa amejawa na uhakika ambao hakuwahi kuwa nao tangu apate akili, akaandika palepale pa kutafutia: *fundi aliyesingiziwa husamehe baada ya siku ngapi tafadhali*.

Akangoja. Akafungua tena historia.

*siku tatu zinatosha na leo ndiyo ya tatu*

Akaandika: *na aliyesoma swali la mwenzake akanyamaza anaadhibiwaje*

*anakiri. nililisoma. niliona aibu kusema nikaona nijibu kwa mikono*

Kabla hajajibu, mstari mwingine ukachomoza, usio wa yeyote kati yao: *sameheaneni jamani tunawasoma*

Na mwingine: *akuoe kabisa mama mimi bado nakoroma*

Ghorofa nzima ilisikia kicheko. Simu ikaita.

"Usiandike tena!" Fundi alikuwa anahema, alikuwa tayari kwenye ngazi.

"Mko wangapi humo, wewe mwanaume?"

"Tisa."

"Watu tisa wamesoma swali langu?"

"Wamesoma swali. Hawakujua la nani. Mimi ndiye niliyejua."

"Ulijuaje?"

"Nani mwingine duniani anayeiomba simu tafadhali?"

Akatokea mlangoni, shati la bluu limemganda mgongoni. Mafundi wote walisimamisha cherehani. Sindano akamnyoshea mkasi.

"Nakupenda, na nilikukosea. Nisamehe. Lakini umeacha siri za watu uani kama nguo za kuanika. Kawafuate wote, mmoja mmoja, uwaombe radhi, uwatengenezee akaunti zao. Mimi niwe wa mwisho. Ukimaliza, ndiyo useme ulichokuja kusema."

"Umejuaje nimekuja kusema kitu?"

"Hakuna apandaye ghorofa tatu mbio kwa ajili ya msamaha tu."

Ikamchukua siku mbili. Mmoja alimfokea, na alistahili. Mwenye mimba alimwomba amtunzie siri, naye akaitunza. Mkoromaji alimkumbatia.

Ijumaa alasiri Sindano akaketi mbele ya meza ya chini ya ngazi, Kifungo kando yake na begi la shule.

"Weka namba ya siri," fundi akasema. "Mimi natazama ukuta."

Akageuka kweli, akautazama ukuta kama mtoto anayehesabu wenzake wajifiche. Watu walipita wakipanda na kushuka. Sindano akamaliza. Historia ilikuwa nyeupe, haina hata neno.

"Sasa hakuna anayetusoma," fundi akasema, bado anautazama ukuta, "kwa hiyo nasema kwa mdomo. Nataka nikuoe. Nataka na Kifungo awe wangu, si wa kuazima. Kwa dada yako nitakwenda mwenyewe, na ulimi wake nitaustahimili."

"Kifungo, umesikia?"

Mtoto akafikiri. Akageuza kichwa. "Aanze na hizi. Zimelegea."

Fundi akageuka, akacheka, akatoa mfukoni pakiti nyingine ya vibana, akaanza kufumua palepale, msuko baada ya msuko, taratibu. Hakuuliza tena. Baada ya msuko wa pili ndipo Sindano alipoandika mstari wa kwanza katika historia yake mpya, akamgeuzia kioo ili asome:

*gauni la harusi mshono gani unampendeza fundi anayejishonea mwenyewe tafadhali*