Swali la Ubao wa Nukta

Jumatatu asubuhi ubao ulikuwa na joto, ingawa ulikuwa bado haujachomekwa popote.

"Ni jua la dirishani tu, shemeji," alisema fundi, akimwambia dada wa mkewe.

Mwanamke huyo, mtunza kumbukumbu wa zahanati, hakubisha. Hakuwa akiona tangu utotoni, na siku hiyo ndiyo ya kuamua kazi yake. Kila umeme ulipokatika, kompyuta ikiwaka upya ilimuuliza maswali kabla sauti ya kumsomea skrini haijaamka, naye alilazimika kuita mtu. Mkuu wa zahanati alikuwa amemwambia, kwa upole kabisa, kwamba Jumatatu asipoiwasha peke yake, meza ataikalia mwingine. Ndipo shemeji akaleta ubao wa nukta nundu, akautayarisha ili kila ujumbe wa kuwaka uinuke chini ya vidole vyake.

Fundi aliuchomeka ubao, naye mwanamke akabonyeza kitufe. Nukta zikainuka: DISKI IMEPATIKANA.

"Inasema!"

"Jibu haraka. Hii inauliza maswali kuliko mama mkwe."

"Mama mkwe wako ndiye mama yangu."

"Ndiyo maana nimenong'ona."

Ubao ulibeba herufi chache tu kwa mara moja. Sentensi ndefu ilihitaji kusogezwa. NIENDELEE KUWASHA, alisoma, na kwa mazoea ya majaribio ya Jumapili nzima akajibu ndiyo. Kisha akasogeza mbele, asome kilichobaki.

NIKIWA MIKONONI MWAKO?

"Shemeji, umeandika wewe?"

"Nimeandika nini? Nukta zote zimelala. Hakuna kitu hapo."

"Zimesimama. Ninazigusa."

Fundi aliinama karibu, akaona ubao mtupu, akanusa udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa punde. Akachomoa waya.

"Bado zimesimama," alinong'ona mwanamke.

Mlango ukafunguliwa, mkuu akaingia, akakuta kompyuta imewaka na mtunza kumbukumbu wake akiandika majina ya wagonjwa kwa kasi asiyowahi kuiona.

"Hongera, dada. Meza ni yako."

Hakugeuka kushukuru. Mkuu alipotoka akidhani ni haya, aliita, polepole mno, kama anayeogopa kuamsha mtu: "Shemeji. Niondoe mikono hapa. Siisikii."

Fundi alimshika viganja, navyo vilikuwa baridi kama chuma cha alfajiri, akavuta, vikakataa, akavuta tena kwa nguvu zake zote huku harufu ya udongo ikimjaa kooni, hadi vidole vyote kumi vikaachia vitufe vya herufi kwa pamoja, vikapanda mikononi mwake, mabegani, shingoni, vikafika usoni na kuanza kumpapasa nyusi, kope, midomo, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, bila haraka, kama vya mtu anayesoma.

"Si mimi, ni kile kilichouliza," alilia mwanamke. "Shemeji, usifungue mdomo, usikijibu kama mimi. Kimefika kwenye mdomo."