Kitabu Kilichoanguka Nyuma ya Rafu

Nyumbani kwa mkutubi wa shule, meza ya chakula haikuwa ya chakula peke yake. Upande mmoja vilikaa vikombe vya chai; upande wa pili vilikaa vitabu vilivyochanika, kopo la gundi na tofali la kukandamizia majalada. Binti yake alizoea kula viwiko vimebanwa ubavuni, asije akamwaga chai juu ya mali ya shule. Shuleni walimwita Sisimizi, kwa udogo wake na kwa kutotulia kwake.

Asubuhi moja hakuimaliza chai yake.

"Leo bibi yake Kasuku wa darasani kwenu ameitwa kwa mwalimu mkuu," mama alisema, akijifuta gundi vidoleni. "Mtoto ameshikilia kwamba kile kitabu kilichopotea alikirudisha. Wewe ndiye uliyetoa vitabu sandukuni siku ile. Nakuuliza tena, mwanangu. Hukukiona?"

"Sikukiona, mama."

"Basi. Atafungiwa maktaba mwaka mzima, na kwenye timu ya mashindano ya kusoma atatolewa. Inaniuma, lakini nifanyeje?"

Sisimizi aliinamia kikombe chake. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mzito kuliko wa kwanza.

Ukweli wenyewe ni huu. Mama alikuwa na sheria: mtoto wa mkutubi huazima wa mwisho, watu wasije wakasema anampendelea wake. Kilipoletwa kitabu kipya cha hadithi za wapanda milima, shule nzima ilikigombania. Sisimizi alingoja zamu yake mpaka akachoka. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini yeye aliona wenzake wanazimaliza mbivu zote. Kasuku alipokitia kitabu kwenye sanduku la vitabu vinavyorudishwa, mama alikuwa mkutanoni. Sisimizi akakichomoa haraka, akakisukuma nyuma ya kamusi nene ambazo hazikuguswa na mtu, ili aje akisome kwa raha zake.

Rafu ile haikuwa na ubao wa nyuma. Kitabu kilipita moja kwa moja kikaanguka, puu, kati ya rafu na ukuta. Mkono wake haukukifikia. Rula haikukifikia. Mpini wa ufagio ulizidi kukisukuma ndani. Rafu nayo ilijaa kamusi tupu. Watu wazima wawili wasingeitikisa.

Kasuku aliitwa hivyo kwa mdomo wake usiojua likizo. Majuzi tu alitangaza kwamba ameona chui chooni, kumbe paka. Sasa alikuwa anasema kweli tupu, na hakuna aliyemsadiki.

Mvua kubwa ilianza kunyesha wakati wa kipindi cha kwanza. Sisimizi alitazama maji yakimiminika dirishani, akakumbuka kitabu. Ukuta wa maktaba ulikuwa ukivuja, na mama alipenda kusema kwamba karatasi ikishakunywa maji haitapiki. Akaomba ruhusa, akatoka.

Njia ya maktaba ilipita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kwenye benchi la nje walikaa Kasuku na bibi yake, ambaye kanga yake ilikuwa inachuruzika maji.

"Niambie mimi, mjukuu wangu," bibi alisema kwa upole. "Kama umekipoteza, sema tu. Sitakupiga."

"Nilikirudisha, bibi."

"Haya. Lakini mkutubi ni mtu mzima, naye anasema hakukiona."

Kasuku, ambaye hata mwalimu wa hesabu alishindwa kumnyamazisha, alinyamaza na kutazama viatu vyake. Sisimizi alijiona mbaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kumjua. Akakimbia.

Maktabani mama alikuwa amepiga magoti, akiondoa vitabu vya chini kabla maji hayajavifikia.

"Mama, kiko nyuma ya kamusi."

"Nini kiko nyuma ya kamusi?"

"Kitabu cha wapanda milima. Nilikificha mimi. Kasuku alikirudisha."

Mama alibaki na vitabu mkononi. Uso wake ulibadilika, na Sisimizi akatamani apigiwe kelele kuliko kutazamwa vile.

"Nilikuuliza mara mbili," mama alisema. Kisha akasimama. "Twende. Utayasema mwenyewe, na yule bibi asikie."

Kasuku na bibi yake walikuwa wameshaitwa ndani, na mwalimu mkuu alikuwa katikati ya hukumu yake walipoingia. Sisimizi alisema yote, hata habari ya ufagio. Mwalimu mkuu alivua miwani. Mama akamgeukia Kasuku.

"Mwanangu, nisamehe. Nilimwamini wangu kwa sababu ni wangu, nikakuacha wewe. Na wewe, mama yangu, nisamehe."

"Yamekwisha, mwanangu," bibi alijibu, akimvuta mjukuu wake karibu.

Walimu walikuja maktabani kupakua kamusi na kuisogeza rafu. Kitabu kilitolewa kikiwa kimevimba upande mmoja. Mama alikisimamisha wima, akaanza kuchomeka karatasi kavu katikati ya kurasa. Mwalimu mkuu aliamua kwamba Kasuku abaki kwenye timu, na Sisimizi akaungame mbele ya darasa, tena asiazime kitabu muhula mzima.

Kasuku alisimama mlangoni. "Ungeniambia tu," alisema. "Ningekupa zamu yangu."

Hapo ndipo Sisimizi alipolia.

Mama alimwacha alie, kisha akamkabidhi karatasi kavu na kumwonyesha namna ya kuzichomeka bila kuchana.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Kama ungeniambia siku ile ile, tungekitoa kikiwa kikavu, na leo yule bibi asingelowa njiani kwa ajili yako. Najua uliogopa. Kila mtu huogopa akikosea, hata mimi. Lakini hofu yako ibebe mwenyewe, mwanangu. Usimtwike mwenzako."

"Ndiyo, mama," Sisimizi aliitikia. Akapangusa machozi kwa mkono wa sare, ili yasidondokee kurasa, akaendelea na kazi.