Friji ya Barazani

Jumamosi moja asubuhi Atupele alikuwa akifagia baraza la nyumba yao, mtaa wa Seven Hills, Australia, huku mama akipika. Baba yake, Mtanzania, alikuwa kazini bandari ya Port Botany akiendesha lori la makontena. Mama alikuwa Mwaborijini, mwenyeji wa asili wa Australia, naye alikuwa akianzisha biashara ya pai za nyama ya kangaruu. Anko Douglas, mshauri anayewasaidia Waaborijini kuanzisha biashara, alikuwa amekaa naye mara nyingi wakipanga bei na kutafuta wateja. Siku hiyo angemleta Anti Vicky, msimamizi wa kituo cha wazee, aje kuonja. Akiridhika, angeagiza chakula cha wazee wake.

"Atu, niletee pai zilizo kwenye friji ya barazani!" mama aliita.

Atupele akafungua friji. Taa haikuwaka. Hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu. Moyo ulimlipuka paa! Jana yake alikuwa amechomoa plagi ya friji ili achaji tableti yake, akasahau kuirudisha.

Alizinusa pai, hazikuwa na harufu mbaya. Akachomeka plagi upesi, akabeba trei hadi jikoni. Nikisema, mama atakosa mteja, aliwaza. Na nisiposema? Mama akaziingiza pai kwenye oveni bila kushuku chochote.

Wageni walifika. Pai zikaletwa mezani, zikinukia vizuri. Atupele alisimama mlangoni.

"Kuna mzee wetu ametoka hospitali ya Liverpool juzi tu," alisema Anti Vicky. "Hana nguvu kabisa. Hizi zitamfaa." Akakata kipande, akainua uma.

"Anti, usile!" Atupele alipiga kelele. Akaeleza yote huku analia.

Mama alijishika kichwa. Akazikusanya pai zote, akazitupa kwenye pipa la taka.

"Joto la oveni lisingeondoa sumu yote ya vijidudu," alisema Anko Douglas polepole. "Dada, hata mimi nimekosea. Tumepanga bei na wateja, usalama wa chakula tukausahau. Tununue kipimajoto cha friji, na friji isiguswe na mtu ila wewe."

"Pika tena," Anti Vicky akasema. "Nitarudi Jumatano."

Alirudi kweli, akala pai mbili, akaagiza za wazee wote.

Alipoondoka, mama alimketisha Atupele karibu naye. "Ulikosea kuchomoa plagi. Ukakosea zaidi kunyamaza mpaka uma ukakaribia mdomo wa mtu. Lakini ulisema, mwanangu. Pai nitapika nyingine. Mtu akifa kwa chakula changu, nitamrudishaje? Siku nyingine ukikosea, niambie palepale, hata kama unatetemeka."

"Sawa, mama," Atupele alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akapumua vizuri.