Aliyebaki Anaona

Magharibi, Elisha alitoka kuita bodaboda ampeleke mkewe hospitali, mjini. Anastazia alikuwa ameshinda akitapika, na sasa alihema mbiombio kama aliyekimbizwa.

"Baba Peniel," alikuwa amenong'ona, "ukungu huu mweupe umeingiaje ndani?"

Hapakuwa na ukungu.

Mwenye pikipiki Elisha alimkuta nyumbani kwa Mzee Alute, katikati ya kundi la watu. Juzi jioni watu tisa, Anastazia na Alute wakiwemo, walimaliza kupura alizeti ya jirani, na kama ilivyo desturi ya Ilongero wakapewa pombe. Safari hii haikuwa mtukuru wa mtama, ilikuwa gongo ya kununua. Walilala vizuri, wakaamka wazima, kwa hiyo gongo hakuna aliyeikumbuka. Leo wawili walikuwa wamekufa, sita hawaoni. Alute peke yake, aliyekunywa kuliko wote kisha akaendelea na mtukuru kwake hadi leo, aliona hata nzi ukutani.

Walimuuliza macho ya wenzake ameyaweka wapi.

"Nimeyanywea," alisema Alute, mlevi aliyezoea kuchekesha.

Hakuna aliyecheka.

Elisha alikuwa mwalimu wa kemia. Alijua macho hayaibwi... Alijua. Lakini pumzi ile ya mkewe ilikuwa bado masikioni mwake, na mkono ukaokota fimbo ya kupuria.

"Mrudishie mke wangu macho, mzee," alisema kwa upole.

Akapiga wa kwanza.

Kila walipopumzika, walituma mtu kwa wagonjwa kuuliza kama wameanza kuona. Ilichukua saa mbili.

Hospitalini daktari alimmulika Anastazia. Mboni zilibaki pana, hazikusinyaa. Alisema gongo ile ilikuwa na methanoli, sumu inayokaa kimya siku nzima kabla ya kushika macho. Akamtundikia dripu ya kupunguza asidi ya damu, kisha akampitishia pombe safi kwa mpira wa puani, kwa kipimo, ili kuizuia sumu.

"Kuna mwenzao aliyekunywa pombe nyingine juu yake?" aliuliza. "Kama yupo, hiyo imemkinga. Mleteni upesi, ikimwisha naye ataugua. Na huyu, mwalimu, angefika saa mbili mapema..."

Elisha aliificha mikono yake.

Anastazia aligeuza uso mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Alute."

Hakuna aliyemweleza lolote. Mlangoni hapakuwa na mtu, ila harufu ya mtukuru iliingia... na daktari naye akageuka.

"Baba Peniel, anasema nisiogope." Alinyoosha mkono hewani, vidole vikajikunja, vikashika. "Nimfuate tu. Yeye njia anaiona."

Pumzi ikakoma.

Mkono haukuanguka.